Viunzi Tisa Mbele ya Kisanduku Chenye Haraka

Oktoba 2023, Msweden Elmor, jina linalofahamika kwa kila mpenzi wa ovakloki, ule mchezo wa kuikimbiza prosesa kupita kasi ya kiwandani, alikaa na timu ya ASUS wakaimiminia prosesa ya Core i9-14900KF heliamu ya majimaji, kitu kinachochemka kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri. Prosesa ikafika megahezi 9,043. Gigahezi tisa na ushee! Wengi tulipoisoma habari hiyo tuligeuza shingo kukitazama kile kisanduku kilichobanwa nyuma ya skrini, tukakiuliza kwa jicho tu: na wewe je, mwenzetu?

Kisanduku kina majibu tisa, na kila jibu ni kiunzi. Nimeyapanga kwa kuhesabu kurudi nyuma, kuanzia kiunzi kinachorukika hadi kile kinachowaangusha mabingwa. Ninaposema kisanduku nina maana ya kompyuta kamili zenye ujazo wa lita moja hivi au pungufu: NUC ya Intel iliyotangazwa mwaka 2012 na bodi yake ya inchi nne kwa nne, ThinkCentre Tiny za Lenovo na binamu zake wa HP na Dell, visanduku vya bei nafuu vyenye chipu ya N100, na hata Raspberry Pi, mdogo wao wa mwisho. Msimamo wangu nautoa mapema ili tusigombane njiani: kisanduku kinaweza kukupa kasi zaidi ya ile uliyonunua, na una haki ya kuidai. Ila gigahezi ndicho kitu cha mwisho cha kudai.

9. Komeo la kiwandani

Kila anayejaribu ovakloki hukigonga kiunzi hiki kwanza, na ndiyo maana nimekiweka mkiani. Kinaumiza kidole tu, mguu unabaki mzima.

Kasi ya prosesa ya Intel ni saa ya msingi, kwa kawaida megahezi 100, mara kizidisho. Core i5-6500T, ambayo utaikuta kwenye Tiny nyingi za mtumba, iwe umenunua Kariakoo au Luthuli Avenue, kizidisho chake kikubwa ni 31. Mara 100, ndiyo gigahezi 3.1, na hapo pana komeo. Wanaopita ni wenye herufi K mwishoni mwa jina. Kwenye familia ya laptopu ni HK na HX. Katika ukoo huu herufi moja ni cheo. T maana yake ni chipu iliyowekewa ukomo wa wati 35 ili ikae kwenye sanduku jembamba bila kugombana na mtu.

Ingia BIOS ya mashine kama hiyo utafute ukurasa wa kizidisho. Utakuta tarehe, mpangilio wa kuwasha, neno la siri la msimamizi, na pa kumwambia iwake yenyewe umeme ukirudi. Usiitukane. Imeajiriwa maisha yake yote kwenye ofisi ya uhasibu, haikuwahi kuambiwa kuna mashindano.

Mac mini? Apple hawajaacha hata tundu la funguo la kuchungulia. Tuendelee.

8. Mlango wa nyuma

Kama kizidisho kimefungwa, si tunaweza kuongeza ile saa ya msingi? Swali zuri, na wakongwe wakilisikia macho yanang'aa, kwa sababu wanaikumbuka Celeron 300A ya mwaka 1998. Kizidisho chake kilifungwa kwenye 4.5. Watu wakaiacha ilivyo, wakaipandisha basi ya bodi kutoka megahezi 66 hadi 100, na chipu ya megahezi 300 ikawa ya 450, ikawapumulia kisogoni Pentium II zilizouzwa bei ya juu kwa mbali. Nusu nzima ya kasi, bure! Heshima ya mchezo huu kwa kiasi kikubwa ilijengwa na chipu ile moja.

Siku hizi saa ya msingi haina uhuru huo. Tangu kizazi cha Sandy Bridge, mwaka 2011, Intel waliifungamanisha na njia za PCIe na SATA, kwa hiyo ukiisukuma prosesa umesukuma na diski. Asilimia tatu hadi tano, halafu diski inaanza kusoma visivyoandikwa. Kizazi cha Skylake kililegeza kamba hiyo, na mwishoni mwa 2015 watengenezaji wa bodi wakagundua njia ya kuzikimbiza hata chipu zisizo na K. Sherehe ilikuwa fupi: mwanzoni mwa 2016 masasisho ya BIOS yakaufunga mlango. Na bodi zilizoalikwa kwenye sherehe zilikuwa zile pana za kompyuta za mnara. Visanduku vilisikia muziki kwa mbali.

Tuseme umebahatika, bodi yako inakubali megahezi 103. Ile 3.1 inakuwa 3.19. Gigahezi 0.09 hizo ni zako kihalali, zipokee kwa mikono miwili, ila majirani waache wapumzike.

7. Adapta

Kifupi: adapta ya Tiny ya ofisini mara nyingi ni ya wati 65, na humo prosesa, RAM, diski, feni na vyote ulivyochomeka kwenye USB vinagawana. Wati 35 za prosesa zikiwa 55, zilizobaki ni za kugombania. Kompyuta haikuonyi kwa upole. Inazimika tu katikati ya kazi, kisha unailaumu Windows isiyo na hatia. Mashine za Dell zina adabu zaidi, kwa maana zisipoitambua adapta zinasema wazi kwenye skrini na kujipunguzia mwendo. Kabla hujagusa wati yoyote, geuza adapta usome kilichoandikwa mgongoni. Ni kiunzi cha bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha hii, na kimewaangusha watu wazima wenye shahada.

6. Desemba ya Plundervolt

Hapa naomba tukae kidogo, maana kuna dhuluma ndani yake.

Mafundi wa visanduku na laptopu walikuwa na silaha moja tamu: kuishusha volti ya prosesa kidogo, bila kugusa kasi. Kiwanda huweka volti kwa tahadhari ili hata chipu dhaifu kuliko zote kwenye kundi ifanye kazi. Yako ikiwa na afya njema, sehemu ya volti hiyo inageuka joto la bure. Programu ya ThrottleStop ya Kevin Glynn iliwafanya watu wa kawaida wafanye kazi hiyo jioni moja: shusha kidogo, jaribu, shusha tena, jaribu. Chipu inapoa, na kwa kuwa imepoa inakaa kwenye kasi ya juu kwa muda mrefu. Unapunguza umeme, unapata mbio.

Desemba 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, KU Leuven cha Ubelgiji na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz nchini Austria wakatangaza shambulio walilolipa jina la Plundervolt. Waligundua kwamba mtu ambaye tayari ana mamlaka makubwa ndani ya kompyuta anaweza kuishusha volti kwa kuvizia, mpaka prosesa ikosee hesabu ndani ya SGX, kile chumba cha ndani ambamo Intel waliahidi siri hazitoki. Makosa hayo ya hesabu yakatosha kuchomoa funguo za siri. Kazi nzuri sana ya utafiti, na nawavulia kofia. Intel wakajibu kwa masasisho yaliyofunga njia ya kurekebisha volti, na kwenye mashine nyingi silaha yetu ikaondoka pamoja na mwizi.

Utaniambia: basi nabaki na BIOS ya zamani. Kwenye kompyuta ya kuchezea sinema sebuleni, sikushiki mkono. Kwenye kompyuta inayoshika hesabu za duka na nywila za watu, weka masasisho, kisha tafuta kasi kwenye viunzi vinavyofuata. Wenye AMD wana nafuu: pale BIOS inapoonyesha Curve Optimizer, wanaweza kuishusha volti kiini kwa kiini, na hakuna aliyewakatia.

5. Mdogo wao anayekubali

Raspberry Pi ilikuja Februari 2012 ikiwa na megahezi 700. Ilipofika Septemba mwaka huohuo, Raspberry Pi Foundation wenyewe wakatoa hali ya turbo iliyofika megahezi 1,000, na waranti ikabaki palepale. Soma tena: mtengenezaji anakuambia kimbiza, na bidhaa ikifa anakuja mazikoni. Masharti yalikuwa ya busara: kasi inapanda kazi ikizidi tu, na joto likifika nyuzi 85 turbo inajiondoa. Kwenye matoleo ya mwanzo, aliyelazimisha turbo ya kudumu pamoja na volti ya juu aliwashiwa alama ya kudumu ndani ya chipu, isiyofutika, ili ukienda kudai waranti chipu ikueleze yenyewe ulichoifanyia. Mtoto asiyejua kutunza siri.

Mpaka leo ovakloki ya Pi ni mistari michache kwenye faili la config.txt: arm_freq kwa kasi, over_voltage kwa volti. Pi 4 ya 2019 ilitoka na gigahezi 1.5, na nyingi zinafika 2 bila kelele. Ila tazama ya Pi 400, mwaka 2020: chipu ya ukoo uleule ilipowekwa ndani ya kibodi juu ya bamba pana la chuma, kiwanda chenyewe kikaitoa na 1.8. Gigahezi 0.3 za waranti zimenunuliwa na kipande cha bamba. Kumbuka bamba hilo, tutakutana nalo huko mbele.

Kinachoiangusha Pi mara nyingi ni waya. Volti ikishuka chini ya 4.63 bodi inaonyesha alama ya radi kwenye kona ya skrini na kujibana, na waya mwembamba wa simu unaweza kuipoteza volti hiyo njiani. Pi 5 imeomba adapta ya ampea 5 kwa volti 5. Imeomba kwa adabu, mpe.

4. Kipande cha pili cha RAM

Kiunzi hiki nakipenda kuliko vyote, kwa sababu kinarukwa kwa bisibisi.

Visanduku vingi havina kadi ya grafiki. Grafiki imo ndani ya prosesa na inakula RAM ya pamoja. Sasa hesabu: kipande kimoja cha DDR4-3200 kinapitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Viwili vinapitisha 51.2. DDR5-5600 kimoja ni 44.8, viwili 89.6. Wauzaji wengi wanatoa mashine na kipande kimoja cha gigabaiti 16, kisha mnunuzi anahangaika wiki nzima na mipangilio ya grafiki ili mpira wa FIFA uache kukwamakwama. Ndugu yangu, nusu ya barabara imefungwa! Radeon 780M iliyomo kwenye Ryzen 7 7840HS ina nguvu ya kweli, na ukiipa kipande kimoja cha RAM unailisha kwa kijiko. Hakuna ovakloki ya grafiki inayokupa asilimia 100 ya kitu chochote. Kipande cha pili kinakupa asilimia 100 ya upana wa njia, na hakiongezi hata wati tano.

Kabla hujakimbilia dukani, angalia kisanduku chako ni kipi. N100 ina njia moja tu ya RAM, imeumbwa hivyo, na tundu la pili hutalikuta. Vingine RAM imechomelewa bodini. Hapo uamuzi ulifanyika siku ya kununua. Kuongeza mwendo wa RAM yenyewe kupita uliotajwa kwenye lebo? Bodi chache za visanduku zinaruhusu, faida ipo, na hatari yake ni ya kimyakimya: kosa dogo la RAM linaweza kukuharibia faili bila mashine kuzimika. Ipime usiku mmoja kwa programu ya memtest kabla ya kuamini.

3. Volti na uzee

Chipu haifi kwa kukimbia. Inachoshwa na volti pamoja na joto, vikishikana mikono. Umeme mwingi ukipita kwenye waya za shaba nyembamba kupindukia za ndani ya chipu, atomu zenyewe zinasukumwa kidogokidogo kutoka mahali pake, na joto linaharakisha safari hiyo. Kwanza chipu inahitaji volti kubwa zaidi kufanya kazi ileile. Kisha inahitaji zaidi. Kisha inakuita saa tisa usiku.

Anayedhani hizi ni hadithi za kuwatisha watoto aulize kilichowapata wenye Core za kizazi cha 13 na cha 14 za mezani. Hawakufanya ovakloki. Prosesa zenyewe zilikuwa zinaomba volti kubwa kupita kiasi, na baada ya miezi zikaanza kuanguka katikati ya michezo na kazi. Agosti 2024 Intel wakatoa maikrokodi ya 0x129 kurekebisha, na waranti ikaongezwa miaka miwili. Iliyokwisha kuchoka haikuponywa na maikrokodi, ilibadilishwa. Ikiwa volti ilimshinda aliyeichora chipu mwenyewe, wewe na mimi tuipandishe kwa kunyata.

Kwenye kisanduku kuna wagonjwa wengine wodini. Vidhibiti vya umeme vya bodi, vile vipande vidogo vyeusi vinavyoigawia prosesa volti yake, kwenye kompyuta ya mnara vina bamba lao la kupozea. Humu vinapumua hewa iliyokwisha tumika. Kapasita nazo zina kanuni ya mafundi: kila nyuzi 10 zinazopungua, umri wa kapasita unakaribia kuongezeka mara mbili, na ukizipandisha nyuzi hizo umri unakatika vilevile. SSD ya M.2 imelala chini ya bodi gizani, na ikifika nyuzi sabini na kitu inajibana. Ukiongeza volti umewapandishia homa wote hao, na prosesa pekee ndiyo yenye kipimajoto unachokitazama.

2. Ukomo wa wati

Sasa tumefika kwa mabingwa.

Kwenye kisanduku, kasi uliyosoma kwenye boksi si ahadi ya kudumu. Chukua i5-8500T: msingi gigahezi 2.1, juu kabisa 3.5, viini sita. Kati ya namba hizo mbili anayeamua ni wati. Intel wanaweka ukomo wa aina mbili: PL2 wa muda mfupi na PL1 wa kudumu, na kati yao kuna muda wa neema, mara nyingi sekunde 28. Fungua programu ya vipimo ya HWiNFO, ianzishie mashine kazi ya kubana video, kisha uangalie safu mbili tu, wati na megahezi. Mwanzoni zote ziko juu na feni bado inajikuna macho. Nusu dakika haijaisha, wati zinadondoka hadi 35 kamili, na megahezi zinateremka nazo kwa mkupuo, viini vyote sita kwa pamoja. Joto huenda halijafika hata nyuzi 80. Hakuna kilichoungua. Muda wa neema umekwisha, basi.

Ndiyo maana nasema ovakloki ya kweli ya kisanduku ni kuongeza PL1 pale BIOS inaporuhusu. Kizidisho hakisogei hata nukta. Unachonunua ni muda wa kukaa juu. N100 imeandikwa wati 6, lakini watengenezaji wa visanduku huiwekea PL1 tofautitofauti, na hiyo peke yake inafanya mashine mbili zenye chipu moja zipishane mbali kwenye kazi ndefu. Juu yake kuna dari la gigahezi 3.4, na dari hilo halitoboki kwa wati.

Upande wa AMD mambo yanachangamsha zaidi. Chipu zao za laptopu zina ukomo unaoitwa STAPM, uliobuniwa kwa kufikiria joto la ngozi ya mashine, yaani lile linalokugusa unapoipakata. Kisha chipu hiyohiyo inatiwa ndani ya kisanduku cha mezani. Kisanduku hakina wa kukipakata! Kwa hiyo ukitumia programu huria ya RyzenAdj kuulegeza ukomo huo, nakuunga mkono kwa moyo wote. Umeondoa tahadhari iliyokuwa inalinda mapaja yasiyokuwepo.

Ila kuna hesabu inayokungoja mlangoni. Umeme unaoliwa na chipu unafuata kasi yake mara volti mara volti. Ongeza kasi asilimia 10, na mara nyingi utalazimika kuongeza volti asilimia 10 pia: 1.1 mara 1.1 mara 1.1 ni 1.33. Thuluthi nzima ya umeme kwa sehemu moja ya kumi ya mbio. Ryzen 7 7840HS imepewa nafasi ya kati ya wati 35 na 54. Kutoka 35 kwenda 54 utauona mwendo kwa macho. Kutoka 54 kwenda 70 utaisikia feni kwa masikio.

Wanaotaka wati nyingi kwa dhati hawakubishana na hesabu, walipanua nyumba. Mwaka 2018 Intel walitoa Hades Canyon, NUC yenye Core i7-8809G iliyoachwa wazi bila komeo, pamoja na grafiki ya Radeon ndani ya pakiti moja ya wati 100. Walihitaji lita 1.2 na adapta ya wati 230. Framework walipoichukua Ryzen AI Max+ 395 mwaka 2025 na kutaka ikae kwenye wati 120, walijenga sanduku la lita 4.5. Wahandisi wenye maabara wameongeza lita. Wewe mwenye lita moja na matumaini, njoo tuone kiunzi cha mwisho.

1. Hewa

Chukua Tiny ya mtumba. Nyuma kuna skrubu moja. Ilegeze, sukuma kifuniko mbele, kitatoka. Feni iko hapo, ya duara, inavuta hewa kwa juu na kuitema kwa ubavu kupitia mapezi membamba ya chuma. Fungua feni uchungulie kati yake na mapezi. Kwenye mashine iliyofanya kazi miaka mitano chini ya meza utakuta mkeka wa kijivu, umeshikana kiasi kwamba unaweza kuuvuta wote kwa ncha ya kibanio ukatoka mzima, na nyuma yake mapezi bado yanang'aa kama ya jana. Hewa haijayafikia tangu zamani. Kisha ng'oa bamba uitazame pesti ya kupitishia joto: imekauka, imepasuka, na katikati, pale hasa joto linapotoka, imekimbia na kuacha chuma kitupu. Mashine hiyo ndiyo watu wanataka kuifanyia ovakloki. Mashine hiyo haijawahi hata kupewa kasi yake halali!

Hewa ndiyo mfalme wa orodha hii kwa sababu viunzi vyote vinane vinaishia kwake. Komeo, adapta, volti, wati: ondoa vyote, na bado kila wati lazima itoke kupitia mapezi yale kwenda kwenye hewa ya chumba chako, siyo chumba cha mtu aliyepiga video ya majaribio. Bamba linalishusha joto la chipu kwa kulinganisha na hewa iliyopo. Kama kwa wati 35 linaiacha chipu nyuzi 60 juu ya hewa ya chumba, basi kwenye chumba cha nyuzi 22 huko Ulaya chipu itakaa 82. Dar es Salaam mwezi Februari, chumba kikiwa 32, itakaa 92, na wengi wa ukoo huu wanajibana wakifika 100. Nyuzi nane hizo zilizobaki ndizo nafasi yako yote ya kuchezea, na hazikuandikwa kwenye boksi. Nairobi, je? Baridi ipo, lakini mji uko mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, na huko hewa ina uzito pungufu kwa asilimia 15 hivi kuliko ya Mombasa. Feni inazunguka vilevile, inabeba hewa kidogo. Kila mji una kodi yake.

Kwa hiyo kazi inaanzia hapa, hata kama kwenye orodha nimeiweka mwisho. Toa vumbi. Badilisha pesti, mimi napenda PTM7950 ya Honeywell, kwa sababu ni karatasi inayolainika chipu ikipata joto na haikimbii pembeni kama pesti za kawaida. Metali ya majimaji yenye galiamu iache kwenye video: inapitisha umeme na inaila alumini, na bodi ya inchi nne haina pembe ya kufichia tone. Kitoe kisanduku nyuma ya skrini, ambako kinapokea joto la mwenzake, ukiweke mezani na matundu yake yakiwa wazi. Pale volti inaporekebishika, ishushe. Kutoka 1.20 hadi 1.08 ni asilimia 10 tu, lakini kwa kasi ileile umeme unapungua asilimia 19, kwa sababu volti inahesabiwa mara mbili. Ile hesabu iliyokuwa inakunyonya kwenye kiunzi cha pili sasa inakulipa.

Halafu pima, na upime saa nane mchana, madirisha yakiwa kama yanavyokuwa siku zote, kwa kazi yako ya kweli na kwa nusu saa nzima, si kwa dakika mbili za kupigia picha. Kama megahezi zimekaa mahali pamoja mwanzo hadi mwisho na joto halijavuka 85, rudi BIOS uongeze PL1 wati tano. Pima tena. Siku utakapoongeza tano na megahezi zisisogee, punguza hizo tano, funga kifuniko, rudisha ile skrubu moja.